Nimeombwa niwe mwenyekiti wa kongamano la wasanidi programu. Nikubali, au nikazane na kodi (msimbo wa programu)?

Mpiga_Kodi

Wakuu salaam.

Naomba mawazo, hasa ya nyie mliokaa kwenye fani muda mrefu. Mimi ni msanidi programu, nafanya upande wa seva na hifadhidata kwenye kampuni ndogo. Mgeni wa kazi si mimi tena, lakini mkongwe pia bado. Napewa sehemu nzima ya mfumo naijenga, na mfumo ukianguka usiku simu inayoita ni yangu.

Pembeni nipo kwenye kikundi cha watumiaji wa lugha ya programu ya Python. Nilianza kama msikilizaji, nikawa wa kupanga viti, kisha wa kutafuta wazungumzaji wa kila mwezi. Sasa kikundi kimeamua kufanya kongamano la siku mbili, watu mia mbili hivi, na kwenye kikao macho yote yakanigeukia mimi niwe mwenyekiti. Sababu waliyotoa: "Wewe huwa unajibu meseji." Ndiyo sifa yangu kubwa, inaonekana.

Huku kazini kuna nafasi ya mhandisi mwandamizi inakuja. Meneja hajanikataza lolote, ila aliposikia habari za kongamano alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, mradi mfumo mpya wa malipo uingie hewani kwa wakati." Mtu mzima haambiwi mara mbili. Rafiki yangu mmoja naye anasema kongamano litanifungulia milango kuliko miaka yote ya kukaa nyuma ya skrini.

Ninachotaka kujua kwa mliopita huko: kupanga makongamano kumewasaidia kikazi kweli, au ni kazi ya bure yenye fulana? Na nikikubali, ni kitu gani hasa kitanizamisha?

Seva_Usiku

Kataa.

Nipo upande wa wanaosaili. Mwombaji akiniambia alipanga kongamano nampa hongera zake, halafu namuuliza hifadhidata ikikata mawasiliano katikati ya muamala anafanyaje. Hilo la pili ndilo linaloamua. Sijawahi kukaa kwenye kikao cha kupandisha watu vyeo nikasikia fulani apande kwa kuwa alipata ukumbi mzuri.

Halafu kuna jambo watu wanalikwepa. Ukishakuwa mwandaaji mzuri, jumuiya haikuachii. Mwaka wa pili unaombwa tena, wa tatu unaombwa usaidie na kikundi jirani, na mwisho wake unajulikana na kila mtu ila kodi yako ya mwisho ina vumbi. Kama unataka kazi ya mahusiano na wasanidi, yaani kampuni ikuajiri uwe mtu wao wa kufundisha, kuandika na kupanda jukwaani, basi kubali haraka, maana hiyo ndiyo njia yake na ina mshahara halali. Lakini hukusema unaitaka. Umesema uhandisi mwandamizi. Maliza mfumo wa malipo.

Bi_Ratiba

Mdogo wangu, Seva_Usiku amekupa nusu ya ukweli, na ameisema vizuri. Kuhusu uenyekiti nakubaliana naye kabisa: usichukue. Ninapoachana naye ni pale anapoona kongamano ni kitu kimoja, unakikubali au unakikataa. Ndani ya kongamano kuna kazi sita saba zisizofanana hata kidogo, na kwa mtu wa hatua yako moja kati ya hizo ina faida kubwa. Bahati mbaya siyo uliyopewa.

Mimi ni mhandisi wa programu, naandika kodi kila siku ya kazi, na kwenye makongamano nimeshika karibu kila nafasi: mapokezi, ratiba, wadhamini, kamati ya mada, uenyekiti. Hebu tazama mwenyekiti anafanya nini. Anajibu barua pepe. Mdhamini anataka nembo yake iwe juu ya ya mwenzake. Mzungumzaji anataka barua ya mwaliko kwa ajili ya viza, na anaitaka leo. Wenye ukumbi wanataka idadi ya viti ithibitishwe kabla hata tiketi hazijaanza kuuzwa. Fundi wa video anauliza sauti ataichukua kwenye mitambo ya ukumbi au aje na vipaza sauti vyake, na usipomjibu atakuja na dhana yake kichwani, mtakutana asubuhi ya siku ya kwanza mnatafuta waya. Kila jambo hapo ni la dakika kumi. Ila dakika zenyewe zinakuja katikati ya saa za kazi, na wewe unajua kodi ya malipo haiandikwi kwa vipande vya dakika kumi. Mwenyekiti mzuri anatakiwa awe mtu ambaye kalenda yake ni ya vikao tayari. Wako wengi na wanapenda. Mtafuteni mmoja.

Wewe omba kamati ya mada, ile inayochagua nani azungumze.

Nakuambia kwa nini. Mkitangaza kupokea mapendekezo, kila mwombaji analeta kichwa cha mada, muhtasari, na maelezo ya atakachokisema. Utasoma kadhaa wa kadhaa. Mwanzoni yote yataonekana mazuri. Ukifika mbali kidogo, jicho linakuwa kali: kwa mistari mitatu unajua huyu amefanya hiki kitu kwa mkono wake au amekisoma mahali. Chukua mfano huu wa foleni, yaani orodha ya kazi zinazosubiri mfumo uzifanye (nimeutunga, mapendekezo ya watu ni siri ya kamati):

La kwanza: "Utangulizi wa foleni za kazi. Katika mada hii tutaangalia foleni ni nini, faida zake, na namna ya kuanza kuzitumia."

La pili: "Mfumo wetu ulikuwa unamtumia mteja mmoja risiti mbili. Nitaonyesha jinsi ujumbe mmoja wa kwenye foleni unavyoweza kuchukuliwa na michakato miwili, kwa nini kuongeza muda wa kusubiri kulipunguza tatizo bila kuliondoa, na jinsi tulivyoweka ufunguo wa kipekee kwenye hifadhidata ili kazi ikirudiwa isiwe na madhara."

Mada ni ileile. La kwanza anaweza kuandika mtu yeyote mwenye nusu saa. La pili lina tatizo, lina njia iliyojaribiwa ikashindwa na sababu ya kushindwa, na lina suluhisho unaloweza kulibishia. Sasa fungua nyaraka zako za kazini, zile unazoandika kabla ya kujenga kitu, uangalie zinafanana na lipi. Za kwangu zilifanana na la kwanza, na za wenzangu wengi pia, kwa sababu hakuna anayetufundisha kuandika hivyo vitu. Msimu mmoja wa kamati ya mada ulinibadilisha uandishi kuliko kozi yoyote. Na mhandisi mwandamizi, Seva_Usiku atanisahihisha, kazi yake kubwa si kuandika kodi nyingi zaidi. Ni kuwaeleza watu tatizo mpaka waone kwa nini njia hii na siyo ile.

Faida ya pili inakuja polepole: unajua nani anafanya nini. Siku kampuni yenu ikihangaika kuhamisha hifadhidata bila kuzima mfumo, wewe unakumbuka kuna mtu aliwahi kuleta pendekezo la jambo hilohilo. Unamwandikia. Watu wanajibu vizuri sana wakiulizwa kuhusu kitu walichoombea kuzungumza.

Kazi ya kamati hii ina mwisho pia. Ratiba ikishatangazwa, mzigo mkubwa umeshauweka chini. Ya mwenyekiti ndiyo kwanza inaanza.

Mambo machache ya ufundi wa kamati yenyewe. Raundi ya kwanza ya kupiga alama ficheni majina. Programu huria (kodi yake iko wazi kwa wote) ya pretalx, ambayo makongamano mengi yanaitumia kwa kazi hii, inaruhusu hilo. Raundi ya pili fungueni majina, kwa sababu lazima muone kama mmechagua watu watano wa kampuni moja. Kila pendekezo lisomwe na watu wasiopungua watatu. Na alama isiyo na sentensi ya sababu msiihesabu. Mtu anayetoa tatu kwa kila kitu ni sawa na hakupiga kura.

Msijaze ratiba na wakongwe peke yao. Zile mada fupi za dakika tano, ambazo jina lake la Kiingereza, lightning talks, lilianzia kwenye YAPC, kongamano la lugha ya programu ya Perl, mwaka 2000 kwa Mark Jason Dominus, zipo kwa ajili hiyo. Anayeogopa nusu saa hataogopa dakika tano, na akichemsha hakuna aliyepoteza mchana wake. Wekeni saa inayoonekana na mtu asiye na aibu ya kukata. Nimeona kipindi cha mada fupi kikifa kwa sababu msimamizi wa muda alikuwa mpole.

Kuhusu ukubwa. Watu mia mbili kwa siku mbili mara ya kwanza, mimi ningewauliza kwa nini. Warsha ya kwanza ya watu wa Python, mwaka 1994 pale NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilikuwa na watu kama ishirini. PyCon, kongamano la Python, kwa jina hilo ilikuja 2003, Washington. BarCamp ya kwanza, Palo Alto, Agosti 2005, iliandaliwa kwa muda usiofika wiki: washiriki walikuja, wakaandika mada zao ukutani, ratiba ikawa ndiyo hiyo. Sisemi nanyi mfanye kwa wiki moja. Nasema siku moja, chumba kimoja, kisha mwakani ndiyo mkue. Vyumba viwili sambamba vinahitaji mafundi wawili wa video, wasimamizi wawili, na mtu wa tatu wa kujibu swali la "chumba cha pili kiko wapi" kuanzia asubuhi hadi jioni.

Na mkikua, gawaneni mzigo kama FOSDEM, kongamano la programu huria la Brussels. Pale kila chumba cha mada maalumu kinaendeshwa na jumuiya yake: wao ndio wanaotangaza, wanaochagua wazungumzaji na wanaosimamia chumba siku yenyewe. Waandaaji wakuu wanabaki na jengo, intaneti na video. Bila utaratibu wa namna hiyo sidhani kama tukio la ukubwa ule, lisilo na kiingilio wala kujiandikisha, lingefika hapa lilipo.

Kanuni za maadili: ziwepo, ziandikwe kabla tiketi hazijatoka, na ziwe na majina ya watu wawili wa kupokea malalamiko pamoja na namna ya kuwapata. Wasiwe mwenyekiti na rafiki yake. Wafadhili wengi, Python Software Foundation (taasisi inayosimamia Python) wakiwemo, hawatoi pesa kwa tukio lisilo nazo, lakini hiyo isiwe sababu yenu ya kuziweka. Kanuni zisizo na mtu wa kupokea simu ni karatasi tu.

Sasa swali lako la milango. Kazi niliyo nayo niliipata kupitia mtu niliyekaa naye kwenye kamati. Kodi yangu hakuwahi kuiona. Alichoona ni siku mdhamini mmoja mkubwa alipotaka nusu saa ya jukwaa kuu kwa ajili ya bidhaa yake, wenzetu wakaanza kulegea kwa sababu pesa ilikuwa nzuri, na mimi nikaandika barua fupi: meza nje mnapewa, nembo mnapewa, muda wa jukwaani unapitia kamati kama wa kila mtu. Mdhamini alibaki. Yule mwenzangu alipohitaji mhandisi wa kuwaambia wateja "hapana" bila kuwapoteza, alinitafuta. Usaili wa kiufundi niliufanya kama wengine wote, na maswali ya Seva_Usiku nilikutana nayo humo humo. Kwa hiyo mlango unafunguliwa, ndiyo. Kuingia ni shauri la kodi yako.

Mtunza_Daftari

Bi_Ratiba kamaliza mengi, mimi nazungumzia pesa tu kwa sababu hapo ndipo watu wanapozama, na muuliza swali ameuliza kitakachomzamisha.

Kabla ya yote, mkuu: kikundi chenu kimesajiliwa? Kina akaunti yake? Maana kama hakina, mwenyekiti ndiye atakayesaini mkataba wa ukumbi kwa jina lake, na hapo tunaacha kuzungumzia kazi ya kujitolea, tunazungumzia deni lako.

Mpiga_Kodi

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya uzito huu. Dada Bi_Ratiba, ule mfano wa foleni umenichoma, nina waraka kazini umeandikwa hivyohivyo "tutaangalia faida zake".

Mtunza_Daftari: hatujasajiliwa. Na ndiyo, waliniambia mkataba nitasaini mimi, "ni utaratibu tu." Ukumbi wanataka arbuni ya nusu. Makadirio yetu yanasema tiketi zitalipia kila kitu.

Mtunza_Daftari

"Ni utaratibu tu." Haya.

Usisaini. Tafuteni taasisi iliyosajiliwa iwabebe: inapokea pesa za wadhamini, inasaini mikataba, inalipa ankara, nanyi mnaipa asilimia kidogo. Chuo, taasisi ya programu huria, hata kampuni ya mwanachama mkiandikiana vizuri. Ila someni habari za huyo mlezi kabla ya kumkabidhi. Open Collective Foundation ya Marekani, iliyokuwa inashika fedha za vikundi vingi, ilitangaza Februari 2024 kwamba inafunga, na vikundi vikalazimika kutafuta pa kuhamia kabla mwaka haujaisha. Usichanganye na jukwaa la Open Collective lenyewe, hilo liliendelea.

Tiketi kulipia kila kitu: fanya hesabu hii mbele ya kamati. Gharama zigawe mafungu mawili. Kuna zisizobadilika hata aje mtu mmoja (ukumbi, video, bima, nauli za wazungumzaji) na kuna zinazopanda kwa kila kichwa (chakula, beji, fulana). Sema zisizobadilika ni 6,000 kwa fedha yoyote ile, kila mshiriki anagharimu 20, na tiketi ni 50. Kila tiketi inakuachia 30. Kwa hiyo tiketi 200 za kwanza zote zinakwenda kuziba lile shimo la 6,000, na nyie mmekadiria watu 200. Maana yake mmepanga mkiwa ukingoni. Wakija 150 mna pengo la 1,500, na sahihi ni yako. Wadhamini wakileta 3,000 kabla hamjasaini ukumbi, mnahitaji tiketi 100 tu, na hapo mtu analala.

Ndiyo maana wadhamini wanatafutwa kwanza, ukumbi unafuata. Tiketi zenyewe watu hununua mwishoni. Ratiba ikitoka zinasogea, wiki za mwisho zinakimbia, na katikati pale kuna ukimya wa kutisha ambao umewafanya waandaaji wengi washushe bei bila sababu.

Halafu soma kipengele cha kuahirisha. Mwaka 2020 makongamano ya dunia nzima yalifutwa, PyCon US ya Pittsburgh ikiwa mojawapo, na kila mwandaaji ghafla akawa msomaji wa mikataba. Uliza arbuni inarudi mkiahirisha kabla ya tarehe gani. Wakisema hairudi kabisa, ombeni tarehe mbadala iandikwe kwenye mkataba. Wengi wanakubali, shida ni kwamba hawaombwi.

Ruzuku za taasisi ni nzuri ila zisiwe mguu unaosimamia. Agosti 2025 Python Software Foundation ilisitisha kwa muda mpango wake wa ruzuku. Aliyekuwa ameshaiandika kwenye bajeti kama pesa iliyopo alikuwa na kazi ya ziada.

Na tiketi za bure msizitoe hivihivi. Watu wanajiandikisha na hawaji. Hata kama ni kiasi kidogo, walipe kitu, na asiyeweza muwekeeni fungu la msaada ambalo anaomba bila kujieleza sana.

Seva_Usiku

Narudi kidogo. Bi_Ratiba kanishawishi nusu. Hoja ya nyaraka ni kweli: ninaposhindwa kumpandisha mtu, mara nyingi si kodi, ni kwamba hawezi kuandika kurasa mbili zikaeleweka. Kama kamati ya mada inafundisha hilo, sawa.

Lakini bado nina neno. Hizo saa za jioni unazosoma mapendekezo ya foleni za watu, ungeweza kuzitumia kwenye mradi huria unaotumia foleni. Kodi yako inapitiwa na watu wasiokujua na wasiokuonea haya, na inabaki hadharani kwa jina lako. Kongamano likiisha kinabaki nini cha kumwonyesha mtu? Picha.

Bi_Ratiba

Seva_Usiku, kinabaki ulichoandika. Watu wengi hawaandiki, hapo uko sahihi, halafu wanalalamika kazi yao haionekani.

Tazama Django Girls, warsha za kuwafundisha wanawake kuandika programu. Ola Sendecka na Ola Sitarska walifanya warsha moja Berlin mwaka 2014, kando ya EuroPython, kongamano la Python la Ulaya. Lakini somo lenyewe na mwongozo wa mwandaaji wakaviweka hadharani, hatua kwa hatua. Ndiyo maana warsha hiyo ikafanywa miji mingi ambayo wao hawakukanyaga, na watu wasiowahi kukutana nao. Hiyo ni kazi ya uhandisi kabisa, kwa maoni yangu: ni waraka unaomfanya mtu mwingine aendeshe mfumo bila kukupigia simu.

Mpiga_Kodi, kwa kiwango chako inatosha hivi. Vigezo vya kupiga alama viandike, na kwa nini kila kigezo kipo. Mkimaliza, andika kurasa chache za mlichoamua: mapendekezo yaligawanywaje kwa wasomaji, mlifanya nini alama zilipofungana, nini kamati ijayo ibadilishe. Weka hadharani. Mtu akikuuliza kwenye usaili "umewahi kuongoza watu wasio chini yako?" hutatafuta maneno.

Mradi huria ni njia nzuri pia, sibishi. Tofauti ni kwamba pale unakutana na kodi za watu, huku unakutana na watu. Mwenye jioni chache achague, asijaribu vyote.

Mpiga_Kodi

Nimeongea na wenzangu. Nimewaambia uenyekiti hapana, kusaini hapana, kamati ya mada ndiyo. Kulikuwa na kununa kidogo. Mmoja akaniuliza, "Sasa nani?" na nikakosa jibu. Tumekubaliana siku moja badala ya mbili, hilo lilipita kirahisi kuliko nilivyodhani.

Mawili yamebaki. Mwenyekiti tunampataje, na meneja nimwambieje?

Bi_Ratiba

Msitafute mwenyekiti, tafuteni wawili. Mmoja wa nje: wadhamini, ukumbi, matangazo, mikataba kupitia huyo mlezi mtakayempata. Mwingine wa ndani: kamati, watu wa kujitolea, ratiba ya siku yenyewe. Mtu anayekataa kubeba kongamano zima mara nyingi anakubali kubeba upande mmoja wenye mipaka. Na mwambieni tangu siku ya kwanza kwamba ni muhula mmoja, na mrithi wake anakaa kwenye kamati hiyohiyo akijifunza. Angalieni nani kati yenu anafanya kazi za mauzo au usimamizi wa miradi. Kikundi cha Python si lazima kiongozwe na mwandika kodi hodari kuliko wote. Kila kikundi kina mtu wa namna hiyo ameketi nyuma, anadhani hahitajiki kwa sababu anaandika kodi ndogo tu ya kuchambua lahajedwali.

Meneja usimpelekee habari ya "jumuiya". Mpelekee tarehe. Mwambie: mfumo wa malipo unaingia hewani mwezi fulani, mapendekezo yanafungwa mwezi fulani, wiki mbili za kusoma ni hizi, nasoma jioni, na siku ya tukio naomba ruhusa mapema. Kama tarehe mbili zinagongana, sogeza ya kongamano, maana hiyo mnaipanga wenyewe. Kisha muulize kama kampuni ingependa kuwa na meza siku hiyo, hata kama haidhamini. Meneja anayetafuta wahandisi atalisikia hilo tofauti kabisa. Ila wewe usishiriki kupiga alama pendekezo lolote la mwenzako wa kazini, na liandikwe kwenye vigezo kabla halijatokea.

Jambo moja la mwisho kwa sababu litakukuta: barua za kukataa. Mtakataa wengi kuliko mtakaowakubali, na wengi ni watu mtakaokutana nao kila mwezi. Usitume ile ya "kutokana na wingi wa maombi". Andika sentensi moja ya kweli kwa kila mmoja: "Wasomaji walitaka kuona tatizo ulilolitatua wewe," au "Tulipata mada tatu za jambo hili tukachukua moja." Ni kazi, inachosha vidole, gawaneni. Atakayeandikiwa hivyo ataleta pendekezo bora mwakani.

Tangazo la mapendekezo likitoka weka kiungo hapa. Nina mada ya kuhamisha hifadhidata bila kuzima mfumo, na nitaituma raundi ya kwanza bila jina kama kila mtu.

Seva_Usiku

Na mimi nina ya kuamshwa usiku. Dakika tano zinanitosha.